Nauza vitenge Kariakoo: kanuni ya kutosema uongo inawezekana dukani?

MamaVitenge:
Habari zenu ndugu zangu. Nina duka dogo la vitenge na madera Kariakoo, mwaka wa 9 sasa. Mimi ni Mlutheri na sibadili dini, ila nina mteja, mama wa Kisri Lanka anayekaa Upanga, aliyenieleza kanuni tano za Wabuddha: kutoua, kutochukua usichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutotumia kilevi. Zote nilizielewa, ila hii ya uongo imenikaa kooni.

Mteja anashika kitenge, anauliza, "Bei ya mwisho?" Namjibu, "Dada yangu, hapo nimekupa kama nilivyonunua, sipati hata mia." Kumbe nimenunua 18,000 na nimemtajia 28,000. Hilo nimelizoea. Lakini Jumamosi iliyopita mama mmoja aliuliza kama rangi inachuja. Nikamwambia haichuji, huku namtazama usoni. Nilikuwa najua. Kipande cha mzigo huohuo nilishakifua nyumbani, beseni zima likawa jekundu. Tangu siku hiyo nikikunja vitenge vile mkono unakuwa mzito.

Mwenye kujua anisaidie: Wabuddha wenye maduka wanaishije na kanuni hii? Hapa sokoni bila maneno matamu mteja anahamia kibanda cha pili.

KivuliChaBodhi:
Dada, pole. Mimi huwa naenda lile hekalu la Upanga jioni, nakaa karibu na mti wao wa bodhi, aina ya mti ambao Buddha alipata mwamko akiwa chini yake. Kitu kimoja kwanza: zile si amri. Wanapozisoma kwa Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, maana yake ni "najiwekea funzo la kujiepusha na…" Ukiteleza leo, kesho unajiwekea tena.

Ila kwenye uongo Buddha alikuwa mkali. Mwanawe Rahula alimwekea maji ya kunawa miguu. Buddha akabakisha maji kidogo kwenye kata, akamwonyesha: mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi, wema wake ni kidogo kama haya. Akayamwaga, akaigeuza kata, akaiinua tupu, na kila mara akimweleza. Halafu akamuuliza kioo ni cha nini. Cha kujitazamia. Basi jitazame hivyo kabla ya kutenda, ukiwa unatenda, na ukishamaliza. Mkono wako kuwa mzito ndiyo huko kujitazama, dada.

Biashara yenyewe haina neno. Zile alizowakataza waumini wa kawaida ni tano: silaha, watu, nyama, vilevi na sumu.

FundiIlala:
Mimi ndiye ninayeletewa hivyo vitenge nishone. Mwaka jana nilishona gauni jekundu lenye kola nyeupe la kitchen party. Mteja alilifua mara moja tu, kola ikawa ya waridi. Alilia pale kwangu, na lawama nikazibeba mimi. Waambieni watu ukweli jamani, sisi tutawapa mshono unaofaa.

MamaVitenge:
Na faida yangu? Lazima niitaje?

KivuliChaBodhi:
Hapana. Maneno mema kwao ni ya kweli, ya upole, yenye faida kwa anayesikia, na yamesemwa kwa wakati wake. Kunyamaza si uongo. "Sishuki hapo" ni kweli tupu. "Sipati hata mia" ndiyo ya kuacha.

MamaVitenge:
Asanteni sana. Fundi, nisamehe, huenda kile kitambaa kilitoka kwangu.

Leo asubuhi nimebandika karatasi kwenye vile vyekundu: "Rangi inachuja, fua peke yake." Nimeshusha hadi 22,000, na hadi saa nane vilikuwa vimetoka vitatu. Mmoja kasoma karatasi, akacheka, akachukua viwili. "Sishuki hapo" nimeisema mara nyingi, wawili wakaondoka zao.

Yule mama wa Jumamosi sina namba yake. Alikuwa na mtoto mgongoni na mkoba wa ukili. Nimemtengea 28,000 kwenye bahasha chini ya droo, na kijana wa dukani nimemwelekeza alivyo, asije akapita nikiwa nimetoka kula.