Starlet, Vitz au Kikumi: lipi la safari ndefu?

Yasini_Bombo
Salaam wakuu. Natafuta gari dogo kuukuu, mfuko wangu ni mwepesi, na mwezi wa kumi na mbili nina safari ndefu nalo. Nimeshaona matatu, yote Toyota. Kuna Starlet ya gia za mkono, Vitz otomatiki ya lita moja, na Corolla Kikumi ya lita moja na nusu ambayo mwenyewe anaapa injini haijawahi kufunguliwa. Bei zake hazipishani sana. Lipi litanifikisha na kunirudisha? Tafadhali msiniambie ninunue Harrier, hela hiyo sina.

FundiWaNdeeba
Ndugu, safari ndefu ndiyo ipi? Kuna watu hapa Kampala wakifika Jinja wanapiga simu nyumbani kusema wamefika salama. Taja unakoenda, mko wangapi, mzigo kiasi gani, na kama ni lami tupu au kuna vumbi. Bila hayo tutapiga ramli tu.

MamaZubeda
Chukua Vitz. Yangu nimeenda nayo Mbarara, nimeenda nayo Mbale, haijanilaza njiani. Mafuta inanusa tu. Halafu Vitz ina cheni ya taiming (inayofanya valvu za injini zifunguke kwa wakati wake), wakati Starlet na Kikumi zina mkanda, na wauzaji wa mjini hawajui mkanda ulibadilishwa lini. Watakuambia "juzi juzi".

Msafiri_Kisumu
Achana na hizo zote kaka, tafuta Probox. Inabeba kila kitu na haijui kulia.

FundiWaNdeeba
Tulijua utakuja na Probox yako. Mwenzako kauliza matatu.

Yasini_Bombo
Samahani kwa kuchelewa kujibu. Naenda Arua, harusi ya mdogo wangu. Tuko wanne. Lami tupu.

Jamaa_wa_Nebbi
Basi ngoja nikueleze hiyo lami, maana ndiyo njia ya kwetu. Kampala hadi Arua ni karibu kilomita 500. Ukitoka Bombo unapita Luweero, Migyera, Kafu, Kigumba, Bweyale mpaka Karuma, na huko gari lolote litakwenda. Matuta ni mengi kila penye senta, kwa hiyo gari lenye shokapu zilizokufa litakukumbusha mapema. Baada ya Karuma unakata kushoto kuelekea Pakwach, na hapo ndipo gari kuukuu linapopimwa. Senta ni chache na jua halina huruma. Pakwach iko chini kabisa kando ya Nile, mita mia sita na kitu kutoka usawa wa bahari. Ukishavuka daraja unaanza kupanda kwenda Nebbi, halafu Arua ambako ni kama mita 1,200. Yaani gari linafika bondeni likiwa limekimbia saa nyingi juani, na hapo hapo unaliambia lipande mlima na watu wanne ndani. Rejeta ikiwa na uchafu itasema yenyewe.

Kwa hiyo mimi siulizi Vitz au Starlet. Nauliza rejeta, feni na mipira ya maji ina hali gani.

Mwalimu_Hassan
Huyo Jamaa wa Nebbi kasema kweli, nami nina ushahidi. Nilikuwa na Starlet, tena gari zuri, nyepesi, inakimbia. Kabla ya safari nikaipeleka gereji moja mjini ifanyiwe sevisi. Ikabadilishwa oili, plagi na filta, nikalipa, nikapewa funguo. Mpaka Karuma tulikuwa tunaimba. Tukavuka Pakwach kama saa nane mchana, madirisha wazi, upepo unaoingia ni wa moto mtupu.

Kwenye mpando wa kwanza mshale wa joto ukapita nusu. Nikapunguza mwendo. Baada ya muda mfupi mshale ukaanza kurudi chini, ukafika kwenye baridi kabisa. Shemeji yangu mbele akasema, "Afadhali, imepoa." Haikuwa imepoa. Maji yalikuwa yameisha, na ile sensa isipokuwa na maji ya kuigusa husoma hewa. Kilomita mbili mbele nguvu ikakata, ukaja mlio wa kugonga, injini ikazima. Kufungua boneti, mvuke mtupu.

Ule mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umechanika upande usioonekana ukisimama mbele ya gari. Badala ya klipu palikuwa na waya wa kufungia nondo, umezungushwa mara tatu na kukazwa kwa koleo. Waya ule ulikuwa unaukata mpira polepole tangu Kampala. Na waliofanya sevisi ndio waliokuwa wameufunga, kwa sababu ncha zake zilikuwa bado zinang'aa.

Nikapanda boda mpaka Nebbi kutafuta mpira. Wa Starlet haukuwepo, nikapata wa gari jingine, tukaukata ukaingia. Tukajaza maji, tukawasha, injini ikawaka ikitetemeka, na kwenye rejeta mapovu yanapanda bila kukoma. Hedigasketi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, ilikuwa imekwenda. Familia ikapanda basi, mimi nikalala na gari. Hedi ikapelekwa Arua kusawazishwa, na fundi wa kule, Mungu ambariki, alifanya kazi safi kuliko wale wa mjini. Lakini gharama yote, pamoja na kuvutwa, ilikaribia nusu ya bei ya gari lenyewe.

Kwa hiyo Yasini, usichague jina. Lala chini ya gari utazame mipira kwa tochi.

MamaZubeda
Pole Mwalimu. Ila ungekuwa na Vitz…

Mwalimu_Hassan
Dada, hata Vitz ina mpira wa chini.

FundiWaNdeeba
Hilo la waya ni aibu kwetu mafundi, sitalitetea. Ila nikupe dawa ya joto: toa themostati, ile valvu inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Kwa nchi yetu hii haina kazi, ile ni ya nchi za theluji. Ukiitoa maji yanazunguka muda wote, gari halichemki. Nimezitoa nyingi na wateja hawajarudi kulalamika.

Injinia_Mbarara
Hawajarudi kwa sababu wanalalamika kwenye pampu ya mafuta! Themostati ya injini hizi za Toyota huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, injini haifiki joto lake barabarani, sensa inaiambia kompyuta kwamba bado ni baridi, kompyuta inaongeza petroli, oili haifanyi kazi vizuri na injini inalika. Kama gari linachemka likiwa na themostati nzima, basi ugonjwa uko kwingine. Rejeta imeziba, au feni haiwaki, au kifuniko cha rejeta kimechoka.

Kifuniko watu wanakidharau. Maji ya wazi hapa juu kwetu yanachemka chini ya nyuzi 100, kwa sababu tuko juu. Kifuniko ndicho kinachobana presha ili yasichemke mapema. Springi yake ikilegea, maji yanatoka kidogo kidogo kila mpando, na dereva anaona ajabu kila asubuhi anaongeza. Ni kitu cha bei ndogo, nunua kipya. Na usijaze maji ya bomba, weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Maji matupu yanaleta kutu, na kutu ndiyo inayoziba rejeta.

FundiWaNdeeba
Injinia, hiyo ni ya vitabuni. Njoo Ndeeba hapa Kampala saa saba mchana kwenye foleni uone.

Injinia_Mbarara
Foleni ni kazi ya feni, siyo ya themostati. Gari likichemka kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia, itazame feni. Likichemka kwenye mwendo na mpando, itazame rejeta. Hata kitabu hakihitajiki.

Jamaa_wa_Nebbi
Wazee, tusimwache mwenye mada. Yasini, mzigo?

Yasini_Bombo
Mzigo wa kawaida. Mabegi, na sufuria kubwa mbili za harusi tulizoahidi. Halafu nilisahau mama. Kwa hiyo tuko watano.

Msafiri_Kisumu
PROBOX.

Injinia_Mbarara
Watu wazima watano, mabegi na sufuria za harusi kwenye Vitz ya lita moja? Itapanda Nebbi, lakini kwa gia ya pili na AC imezimwa, na nyuma itakaa chini kila tuta linakwaruza. Starlet nayo buti haina. Kwa mzigo huo Kikumi inashinda mbali. Ina buti ya kweli, na injini yake ya 5A haina makuu. Hata mkanda wa taiming ukikatika gari linazima tu, valvu hazigongi pistoni. Unavutwa, unafungwa mwingine, unaendelea. Ila usisubiri ukatike, ubadilishe kabla ya kuondoka.

Na hiyo habari ya "haijawahi kufunguliwa" usiichukue kama sifa. Kikumi za sedani ni za mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tangu 2018 nchi hii hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 15, kwa hiyo hiyo imetumika hapa hapa zamani sana. Nenda asubuhi kabla mwenyewe hajaiwasha. Gusa boneti, ikiwa ya moto ujue kaiwasha mapema kuficha ugonjwa, ondoka. Fungua kifuniko cha oili, ukiona utando mweupe kama mtindi ujue maji yameingia kwenye oili, ondoka haraka zaidi.

MamaZubeda
Na mafuta je? Vitz inakwenda kilomita 17 kwa lita.

Injinia_Mbarara
Tuseme Kikumi 14. Kwa kilomita 500 ni lita 36 dhidi ya lita 30 kwenda tu. Petroli ikiwa kama shilingi elfu tano kwa lita, unaokoa elfu thelathini. Hiyo ni samaki wa Pakwach kwa meza moja.

Jamaa_wa_Nebbi
Na vipuri vya Kikumi huku viko, kwa sababu madereva wa speshol (teksi za kukodi) wanazo tele. Arua hutakosa bushi wala pedi.

Dereva_Mstaafu
Wadogo zangu, mmesahau matairi. Ringi 13 za mitumba zinang'arishwa zikaonekana mpya. Tazama ubavuni, kuna tarakimu nne. 2214 maana yake wiki ya 22, mwaka 2014. Tairi la namna hiyo likikutana na lami ya moto ya Olwiyo, kabla ya Pakwach, na watu watano juu yake, linapasuka bila salamu. Na usisafiri usiku. Malori yaliyoharibika yanaachwa barabarani yakiwa na matawi ya mti tu nyuma kama alama.

Mpenda_Usiku
Mimi nasafiri usiku kila mara. Kuna baridi, injini inapumua, trafiki hakuna.

Dereva_Mstaafu
Na tembo wanaovuka karibu na Pakwach unawaona kwa taa za gari kuukuu? Taa za Kikumi zenye ukungu wa manjano zinamulika pua yako tu.

Yasini_Bombo
Asanteni sana, naelekea Kikumi. Swali dogo la mwisho: kurudi nitapita Koboko, Yumbe, Moyo kumwona dada, nivuke feri ya Laropi, niende Adjumani mpaka Gulu. Kuna tatizo?

FundiWaNdeeba
Banange! "Lami tupu"!

Jamaa_wa_Nebbi
Ndugu yangu, hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Arua hadi Koboko ni lami. Koboko, Yumbe, Moyo ni zaidi ya kilomita 100, nako wanajenga, kwa hiyo kuna vipande vizuri na vipande vya kuchepuka kwenye matope au vumbi. Adjumani kuja Atiak uliza kwanza kama lami imefika. Kuanzia Atiak ndiyo lami tena mpaka Gulu. Feri hawavushi usiku, ukichelewa unalala ng'ambo, na mama yuko nawe.

Injinia_Mbarara
Basi hesabu inabadilika. Kikumi ikibebeshwa watano inakaa chini, utaiacha eksozi Yumbe. Weka springi ngumu nyuma, au bamba la chuma chini ya injini kulinda sampu, lile bakuli la oili.

FundiWaNdeeba
Spesa, vile vipande vya kunyanyulia springi. Nyanyua kidogo tu, kazi ya asubuhi moja.

Injinia_Mbarara
Spesa zinakula boljointi.

FundiWaNdeeba
Zinakula zikifungwa na wanaopenda waya wa nondo. Mimi nafunga vizuri.

Mwalimu_Hassan
Msinichokoze.

Dereva_Mstaafu
Yasini, mama apande basi la kurudi kutoka Arua, wewe na vijana mzungukie Moyo mkiwa wepesi. Sufuria si zitakuwa zimebaki kwa maharusi?

Yasini_Bombo
Mzee, mama ndiye anayetaka kumwona dada. Mimi ni dereva tu. Halafu mwenye Kikumi kanipigia sasa hivi, kuna mtu mwingine amefika bei, anataka jibu kesho.

MamaZubeda
Huyo mtu mwingine hayupo, wauzaji wote wana huyo mtu.

Jamaa_wa_Nebbi
Nenda kesho alfajiri, uguse boneti kwanza.

Mpenda_Usiku
Nje ya mada: nyama ya Migyera na samaki wa Pakwach, mnasimama wapi? Maana Migyera siku hizi wanakupa mifupa.

Dereva_Mstaafu
Unafika usiku saa nane, unategemea upewe nini? Nyama nzuri inaisha jioni.

Msafiri_Kisumu
Kwa aliyeniuliza kwa ujumbe wa siri: Probox ipo Busia, ya 2008, kadi iko mikononi. Na ndiyo, sufuria mbili zinaingia zikiwa zimesimama.