Tupeane uzoefu: kingpini na beringi za mbele kwenye malori ya zamani

Makambako Usiku
Wakuu, jana nimeikuta Scania 113 Mlima Nyoka, tairi la mbele linaangalia kwake, gari linaangalia kwake. Waliowahi kufungua ekseli ya mbele porini, iwe beringi au kingpini (ile pini ambayo tairi la mbele hugeukia), mwageni hapa.

Mbao Tupu
Umenigusa. Nashusha mlima Kitonga na Fuso ya marehemu baba, mbao za Sao Hill juu mpaka basi. Usukani ukaanza kuvuta kushoto, mara harufu ya grisi inaungua. Utingo akachungulia dirishani, akasema "kaka, moshi!" na papo hapo akaruka. Akaniacha na ndala zake. Nikaichomeka mtaroni. Kufungua habu, kile kitovu cha tairi, beringi ya ndani haipo, rola zinadondoka kama punje za mahindi. Kikombe cha beringi kimezunguka mpaka kimekula habu, stabu (ule mhimili mfupi unaobeba habu) imekuwa ya bluu kwa moto. Fundi mmoja huko mjini alikuwa ameikaza nati kwa bomba, eti "isicheze". Malori yanashuka yananipigia honi, jeki inazama kwenye udongo, baridi ya Julai, mwenye mzigo anapiga simu kila saa.

Mama Viazi
Pole sana. Harufu hiyo naijua.

Chini ya Gari
Nati ya beringi hukazwa huku habu inazungushwa. Ikishika, rudisha kidogo, izunguke kwa mkono bila kucheza, ndiyo ulaze loki ya nati. Na kabla hujanunua spea: nyanyua tairi, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mtu akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi, ukibaki ni kingpini. Watu wanabadilisha beringi mwaka mzima, ugonjwa ni bushi za kingpini.

Mzee wa Chimala
Jaza habu grisi mpaka pomoni, hutasumbuka.

Chini ya Gari
Shikamoo mzee, lakini hapana. Ikipata moto inasukuma sili, ile raba inayozuia grisi, inamwagikia kwenye breki. Halafu teremka nayo huo mlima.

Mzee wa Chimala
Marahaba. Mimi nimeanza kuendesha hujazaliwa.

Jembe la Tunduma
Stabu ikilika jazia weldingi, peleka kwa mkerezaji. Yangu ilifanywa Mwanjelwa, inapiga kazi mpaka leo.

Makambako Usiku
Nyie ndio mnatuua barabarani! Chuma kile kinapasuka pembeni ya weldi.

Jembe la Tunduma
Ninunulie mpya basi, bosi.

Makambako Usiku
Uza lori ufuge kuku.

Kijana wa Igawa
Kingpini imegoma kutoka, tumepiga nyundo mpaka kichwa cha pini kimevimba.

Chini ya Gari
Umetoa ile pini ya pembeni inayoifunga kwenye ekseli? Kama bado, hata mupige mpaka Idi. Ikigoma tena, isukume kwa presi, ekseli usiipashe kwa gesi, moto unaidhoofisha. Ukishafunga mpya, piga grisi gari likiwa juu ya jeki. Uzito ukiwa chini, upande uliobanwa haipiti.

Mama Viazi
Tuache kingpini kidogo. Yule utingo alirudi?

Mbao Tupu
Alirudi jioni kudai ndala. Sasa ana bajaji Ilula, lori hataki hata kulisikia.

Mzee wa Chimala
Huyo ndiye mwenye akili humu ndani.

Kijana wa Igawa
Pini imetoka! Mwenye habu ya kulia ya Fuso aje inbox, bei ya kizalendo tafadhali.