Alama zangu za ukopaji ni nzuri, ila nimenyimwa mkopo. Zina uzito gani hasa?

Mwanzo Mpya: Habari wakuu, naombeni ushauri. Nina miaka sita nakopa na kurejesha, sijachelewesha hata rejesho moja. Juzi nikaomba mkopo wa kukuza biashara, ripoti yangu ya historia ya mikopo ikiwa safi mkononi. Wiki mbili baadaye nikajibiwa kwamba ombi halikukubaliwa. Jamaa yangu aliyewahi kuchelewesha mara mbili amepewa, tena palepale. Hizi alama nilizozilinda miaka yote, wakopeshaji wanazitazama kweli? Na je, niombe kwingine sasa hivi?

Tumaini: Pole sana mkuu. Usikimbilie kuomba sehemu nne kwa mpigo. Maombi rasmi huonekana kwenye ripoti, na mkopeshaji anayefuata akiyakuta mengi ya karibu karibu ataanza kujiuliza unahangaikia nini. Kuitazama ripoti yako mwenyewe hakupunguzi kitu, itazame kwanza.

Mzee wa Marejesho: Nimekaa dawati la mikopo miaka 11, nikueleze nilivyokuwa nafanya.

Alama zinajibu swali moja tu: huyu mtu akikopa, huwa analipa? Hazisemi unaingiza kiasi gani. Chukua FICO, alama za ukopaji za Marekani, zilizoanza 1989 na zinazohesabiwa kutoka 300 hadi 850. Asilimia 35 ni historia ya marejesho, 30 ni kiasi unachodaiwa, 15 ni muda uliokaa kwenye mikopo, kisha 10 za mikopo mipya na 10 za aina za mikopo. Kipato hakimo kabisa.

Kwetu alama zilikuwa chujio. Zikiwa chini ya kiwango, faili halikufika mezani kwangu. Likifika, ndipo kazi inaanza: nafungua taarifa ya benki, najumlisha marejesho yote ya mwezi, nayapima na kipato. Mtu anaingiza 100, madeni yanachukua 45, anaomba mkopo wenye rejesho la 20. Sitini na tano zimeondoka kabla hajala wala kulipa kodi ya nyumba. Huyo nilimkataa hata kama hajawahi kuchelewa siku moja, na iliniuma, maana wengi wao walikuwa waaminifu kabisa.

Jamaa yako huenda ana dhamana, mdhamini, au madeni machache kuliko yako.

Bi Hesabu: Mzee umesema kweli, ila tusimfanye azipuuze alama. Kwenye mikopo midogo isiyo na dhamana mara nyingi hakuna anayesoma faili, ni programu inayoamua, na hapo alama zina sauti kubwa mno. Hata ukikubaliwa, zinaweza kuamua riba. Nilishawahi kupewa riba ya juu kwa sababu ya deni nililokuwa nimeshalimaliza lakini ripoti bado inaonyesha nadaiwa. Nilipeleka uthibitisho wa malipo likarekebishwa. Mwanzo Mpya, soma ripoti mstari kwa mstari.

Mwanzo Mpya: Asanteni sana. Ripoti haina kosa. Ila nimepiga hesabu ya mzee: nina mikopo miwili inayoendelea, na huu wa tatu ungefikisha 58 katika kila 100 ninayoingiza. Sijawahi kuyaweka marejesho yote pamoja hivi. Halafu mauzo yangu mengi ni taslimu, hayapiti benki.

Mzee wa Marejesho: Basi hali yako ni ngumu kuliko hiyo 58, mwanangu. Pesa isiyopita benki afisa mikopo haioni, kwa hiyo kwake kipato chako ni kidogo kuliko unavyokijua wewe. Rudi uwaombe sababu kwa maandishi. Kisha maliza mkopo mmoja, na mauzo yapitishe benki miezi sita mfululizo, hata kama ni kidogo kidogo.

Mwanzo Mpya: Ule mdogo umebakiza marejesho manne. Nitasubiri uishe. Mauzo ya leo jioni nayapeleka benki kesho asubuhi.