Gari limekwenda halikurudi, hiyo rekodi ya wapi? Nataka mbuzi wangu!

Wakuu habari za saa hizi. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa magari ya kifahari. Hili ni jambo lingine na nina hasira nalo.

Jana kwenye grupu la WhatsApp la mtaani imetupwa tena ile orodha ya "magari matano yenye spidi kuliko yote duniani". Namba moja Tuatara, gari la kampuni ya Kimarekani ya SSC, kilomita 508 kwa saa. Habari ilitoka 2020, ikapingwa 2020 hiyohiyo, mwenye kampuni akakiri 2021, na mpaka leo inazunguka kama maandazi ya moto. Chini yake watu wazima na ndevu zao wanaandika "duh", "Mmarekani noma sana".

Mimi ni fundi, nina kibanda changu mtaa wa Gerezani, Dar. Hiyo 508 ilinila kilo tatu za mbuzi choma, na ndizi zake.

Ilikuwa hivi. Oktoba 2020 jirani yangu muuza spea alikuja mbio na simu mkononi. Nikamwambia bosi, gari la kusajiliwa namba na kuuzwa kwa mteja halijavuka 500, hao wanatuchezea. Tukawekeana mbuzi. Akafungua video: jamaa yuko ndani ya gari, barabara tupu ya Nevada, namba kwenye skrini inapanda mpaka 331 za maili, yaani 532 za kwetu. Tangazo linasema walikwenda na kurudi, wastani 508.73. Ningebisha nini tena? Nililipa siku hiyohiyo, na yeye alikula huku ananiangalia usoni.

Haukupita muda vijana wa YouTube wakaikalia ile video. Hawakutumia uchawi wowote. Barabara yenyewe, State Route 160, inaonekana kwenye ramani ya setilaiti. Unachagua alama mbili unazoziona kwenye video, unapima umbali wake kwenye ramani, unahesabu sekunde gari linapotoka hapa kufika pale. Gari la kilomita 532 kwa saa linameza karibu mita 148 kila sekunde. Gawanya umbali kwa muda. Hesabu ya darasa la saba, wakuu! Jibu likaja dogo kabisa kuliko namba iliyoandikwa kwenye skrini. Kampuni ya vifaa vya vipimo, Dewetron, nayo ikajitokeza na kusema haijathibitisha kitu. Julai 2021 Jerod Shelby mwenyewe, bosi wa SSC, akakubali kwamba hawakufika kule walikosema wamefika.

Nikaenda na simu yangu dukani kwa jirani. Akasoma, akasoma tena, akaniambia, "Fundi, nyama ikishaliwa imeliwa."

Sawa. Lakini wizi wa video angalau ulikamatwa. Kinachoniumiza zaidi ni huu mwingine unaofanywa mchana kweupe: kukimbia upande mmoja tu, halafu kutangaza ushindi. Agosti 2019 Bugatti walipeleka Chiron pale Ehra-Lessien Ujerumani, dereva wao Andy Wallace akaikanyaga mpaka 490.484. Heshima yake, yule mzee ana roho ya chuma. Michelin waliyapiga matairi yale eksirei moja baada ya jingine kabla hayajafungwa, na hilo mimi kama fundi nalivulia kofia. Lakini gari lilikuwa la majaribio, limerefushwa mkia, na lilikimbia mwelekeo mmoja. Hennessey Venom GT vilevile, 2014, kwenye njia ya kutulia vyombo vya anga pale Kennedy Space Center: 435.31, upande mmoja. Na Septemba 2025 Yangwang U9 Xtreme, gari la umeme la Wachina, ikapiga 496.22 kule Papenburg, Ujerumani. Upande mmoja. Magazeti yote: "gari lenye kasi kuliko yote duniani!"

Mtaniuliza kwani kurudi kuna nini. Chukueni Agera RS, gari la Koenigsegg, kampuni ya Sweden, Novemba 2017, barabara ileile ya Nevada. Upande mmoja, 457.9. Upande wa pili, 436.4. Gari moja, dereva mmoja, siku moja, na tofauti ni zaidi ya kilomita 21! Mteremko mdogo ambao macho hayauoni, upepo wa mgongoni, basi umeshavuna namba ambazo injini haikuzizaa. Koenigsegg wangeweza kuchapisha 457 na tungeshangilia wote. Waliandika 447.19, wastani. Hao ni waungwana.

Sasa nendeni kwa wanaume wenyewe, wa rekodi ya nchi kavu. Oktoba 1997, jangwa la Black Rock, Nevada hukohuko. Thrust SSC (haihusiani na ile kampuni ya SSC), mradi wa Mwingereza Richard Noble, injini mbili za jeti aina ya Rolls-Royce Spey, tani kama kumi, magurudumu ya aluminiamu tupu bila mpira. Dereva Andy Green, rubani wa jeshi la anga la Uingereza. Sheria ya FIA, shirikisho la magari la kimataifa, haina ujomba: unapita kwenye kipande kilichopimwa, unasimama, unageuza, unapita tena ukirudi, na yote hayo ndani ya dakika 60.

Tarehe 13 Green alipita kasi kuliko sauti. Akarudi, tena kasi kuliko sauti. Kwa mara ya kwanza gari la ardhini linafanya hivyo kwenda na kurudi, mbele ya watu wa vipimo. Ila ile safari ya kurudi ilichelewa kwa kama dakika moja. Dakika moja! Rekodi hakuna, rudini kambini.

Hebu jiwekeni mahali pao. Miaka ya kazi, pesa za kuchangisha kwa shida, halafu dakika. Hawakuitisha mkutano wa kulia na hawakutengeneza video. Tarehe 15 wakarudi kwenye mchanga uleule, wakafanya yote upya ndani ya saa: kilomita 1,227.985 kwa saa. Mpaka leo haijaguswa. Bloodhound, mradi mwingine wa Waingereza, walijaribu kuifuata, huku kwetu Afrika, Hakskeen Pan kule Northern Cape, Afrika Kusini. Wenyeji 317 wa Mier waliokota mawe kwa mikono yao kusafisha njia, tani 16,500 za mawe. Novemba 2019 gari likagonga 1,010, na wakasema wenyewe kuwa hayo ni majaribio, kisha pesa zikakata. Hakuna aliyetuuzia kuwa ni rekodi.

Halafu huku mtaani tumeambukizwa. Wiki iliyopita kijana kaniletea Toyota Crown, anataka nitoe kizuizi cha spidi cha 180 cha Wajapani kwa sababu "gari inagota". Anasema ameshaipeleka 180 juzi usiku njia ya Chalinze, mshale umelala. Nikamuuliza GPS ya simu ilisoma ngapi. Hakuwasha. Spidomita ya kiwandani huwekwa isome juu kidogo ya ukweli, kijana, hiyo 180 yako huenda haikuwa 180. Nikaangalia matairi: ya mtumba, mawili mipira imeshapasuka pembeni, unaingiza ukucha. Nikamfukuza. Hela yake ningeihitaji, lakini sitaki kuja kumtambua kwa namba ya injini.

NYONGEZA: Naona wengine mmekuja na povu kwamba natetea Wazungu na kumwonea Mchina. Someni vizuri. Gari la kwanza kuvuka kilomita 100 kwa saa, 1899, lilikuwa la umeme, la Mbelgiji Jenatzy, kwa hiyo umeme sina ugomvi nao. Mchina akirudi upande wa pili na wastani ukakaa, mimi wa kwanza kumpigia makofi.

NYONGEZA 2: Jirani kauona uzi. Anadai mbuzi bado ni halali yake kwa kuwa Januari 2021 Tuatara ilikwenda na kurudi kweli kule Florida, wastani 455.3, ikaipita Agera. Ni kweli, na hiyo naiheshimu kuliko 490 ya Bugatti. Lakini bosi, hatukuwekeana 455. Tuliwekeana 500. Kilo tatu na ndizi zake, na bei ya 2020 siitaki, nataka ya leo.