Picha za Jumamosi ziko wapi?

Shangazi Kihesa: Kamwene nyote. We Dogo, picha za ngoma ziko wapi? Bibi kaniganda tangu asubuhi.

Dogo Kamera: Kamwene shangazi, shikamoo. Zipo, nazichambua. Nyingi ni vumbi na migongo ya watu.

Baba Mdogo Mafinga: Rusha hapa hapa tuchague wenyewe.

Dogo Kamera: Shikamoo baba mdogo. Nikizirusha kawaida WhatsApp inazikamua, ukienda kuzisafisha zinatoka na ukungu. Nazituma kama dokumenti, mvumilie bando.

Baba Mdogo Mafinga: Marahaba. Ukungu huku Mafinga tunao wa kutosha, usituongezee.

Dada Mbeya: 😂😂

Dogo Kamera: 📄 ngoma_01

Dada Mbeya: Weee! Mama wa njuga! Vumbi limeganda hewani, kisigino hakijagusa chini. Umefanyaje?

Dogo Kamera: Nililala kifudifudi, watoto wakanicheka. Spidi nimeweka 1/500 ya sekunde, ukishuka sana mguu unakuwa moshi. Halafu nilisubiri jua la saa kumi na moja, linapita kwenye vumbi kwa ubavu. Saa saba mchana ningepata kivuli cha kofia tu.

Shangazi Kihesa: Bibi anasema umepiga miguu ya watu. Wapiga ngoma umewaweka wapi?

Dogo Kamera: Hao walinitoa jasho. Wamekaa chini ya mparachichi, kiza, na nyuma yao mbingu nyeupe pee. Ukiiachia kamera ijipimie yenyewe inaifuata mbingu, wazee wanatoka weusi tii hata macho huyaoni. Nikaongeza mwanga mpaka nyuso zikaonekana. Mbingu imeungua, basi iungue.

Dogo Kamera: 📄 ngoma_02

Shangazi Kihesa: Eee, hapo sawa. Yule wa katikati kafumba macho kabisa, mkono ndio unaona.

Binamu Dodoma: Kaka, hizi ni hela. Fungua ukurasa, watalii wa Ruaha si wanapita Iringa hapo hapo?

Dogo Kamera: Kwanza zifike kwa wenyewe. Nimeomba ruhusa ya kupiga, ya kutundika mtandaoni sijaomba. Na mama mmoja kaniambia kabisa, za watoto wangu ziishie nyumbani.

Baba Mdogo Mafinga: Na kule makaburini asubuhi? Nasikia wazee walimwaga pombe ya komoni, wakaongea na wakubwa. Hiyo ndiyo ya kuhifadhi.

Dogo Kamera: Sikupiga. Nilinyanyua kamera, babu mkubwa akanitazama bila kusema neno, nikafunika lenzi nikavua kofia. Halafu kwa baridi ile ya Julai hata betri ilishalegea, ya akiba nilikuwa nimeikumbatia kwapani.

Shangazi Kihesa: Ulifanya vyema baba. La makaburini si la kamera.

Baba Mdogo Mafinga: Mimi naona tunapoteza. Wazee wakiondoka nani atajua ilikuwaje?

Shangazi Kihesa: Njoo likizo ukae nao wakufundishe, si ndiyo kazi yako wewe?

Dada Mbeya: Baba mdogo kapatikana leo 🙈

Shangazi Kihesa: Bibi hapa ananiambia jambo. Juni 1954, fuvu la Mkwawa, mtemi wetu Wahehe, linarudishwa Kalenga, naye alikuwepo, binti mdogo kapandishwa mabegani. Watu kama siafu. Gavana Twining wa Waingereza mpaka leo tunamwona kwenye picha za siku ile. Bibi hana hata moja. Anauliza, za juzi nazo zitaishia kwenye simu zenu?

Dogo Kamera: Mwambie hapana. Nasafisha za karatasi, kila aliyecheza apate yake. Wengine kule hawana simu ya kufungua dokumenti.

Dada Mbeya: Natoa elfu ishirini ya kusafishia. Imeingia?

Dogo Kamera: Imeingia dada, asante.

Binamu Dodoma: Mimi mwisho wa mwezi.

Baba Mdogo Mafinga: Mwisho wa mwezi upi 😂 Nimetuma na mimi. Nani anazipeleka kijijini?

Shangazi Kihesa: Mimi Alhamisi, nitapanda Hiace ya asubuhi. Weka kwenye bahasha ngumu zisikunjike, na uandike majina nyuma. Ya bibi ikuze. Ila huyo aliyesimama mbele na mwavuli umtoe, kafunika watu wote.

Dogo Kamera: Shangazi, huyo ni mwenyekiti wa kijiji.

Shangazi Kihesa: Mwachie kichwa. Mwavuli toa.