Santuri za mwanzo za Sun Ra: majina ya wapigaji yaandikwe, au Arkestra iachiwe siri yake?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kila santuri ya zamani ya Sun Ra inapotolewa upya, nyuma ya jalada utakuta orodha ya wapigaji. Orodha hiyo imetoka wapi? Maana santuri zenyewe zilipotoka mara ya kwanza, nyingi hazikusema nani kapiga nini wala lini.

Kwa wasiomfahamu: Sun Ra alikuwa mpiga piano wa jazi, kazaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1914 kwa jina la Herman Blount. Bendi yake, Arkestra, aliiunda Chicago miaka ya 1950. Yeye na rafiki yake Alton Abraham wakaanzisha lebo yao wenyewe, Saturn. Nakala zilikuwa chache, majalada mengine yamechorwa kwa mkono, wanauza palepale kwenye maonyesho. Kanda iliweza kulala kabatini miaka na miaka. Angels and Demons at Play ilitoka 1965, lakini upande mmoja ulirekodiwa 1960 na wa pili 1956! Bendi mbili ndani ya jalada moja.

Aliyejitosa kuufumua mkanganyiko huu ni Robert Campbell, wakati ule profesa wa saikolojia wa Chuo Kikuu cha Clemson. Kitabu chake cha orodha ya rekodi kilitoka 1994, na mwaka 2000 likafuata toleo lililopanuliwa, akishirikiana na Chris Trent. Mimi nasema majina yaandikwe yote, hata ya kukisia. Aliyepuliza tarumbeta 1956 hakuwa kiti cha ukumbini.

Naomba kuwasilisha.

Santuri Kuukuu

Mkuu, mwenye bendi mwenyewe hakutaka. Huyu alibadili jina kisheria mwaka 1952, akawaambia watu katoka sayari ya Zohali, na ukimuuliza kazaliwa lini anakuzungusha mpaka unachoka. Unadhani tarehe kukosekana kwenye jalada ni usahaulifu wa mchapaji? Arkestra ilikuwa mwili mmoja. Nyie mnataka kuhesabu vidole.

Mleta mada

Hakutaka siku zote? Albamu yao ya kwanza, Jazz by Sun Ra, ilirekodiwa Julai 1956 chini ya mtayarishaji Tom Wilson kwa lebo ya Transition. Ile ilikuja na kijitabu, na wapigaji wametajwa. Siri ilikuja baadaye, na sehemu yake ilikuwa ni uhaba wa fedha tu.

Mpiga Besi Mstaafu

Mnabishania falsafa, ngojeni niwaletee sikio.

Chukueni hiyohiyo Angels and Demons at Play. Upande wa 1960 besi ni lile kubwa la mbao, mpigaji Ronnie Boykins. Sauti ina nyama, unasikia kidole kinavyouachia uzi. Geuza sasa, weka "Medicine for a Nightmare". Noti inakuja bapa, inakatika mapema, haina tumbo la mbao nyuma yake. Hilo ni gitaa la besi la umeme, na mwaka 1956 wapiga jazi waliokuwa nalo walikuwa wa kuhesabika. Kwa Sun Ra alikuwa nalo Wilburn Green. Hapo sikukisia, nimesikiliza.

Halafu mpiga saksafoni Marshall Allen. Aliingia bendini karibu 1958. Ukimsikia yeye kwenye kanda, mwaka 1956 umeshajiondoa wenyewe. Na ukikuta mwangwi mzito kama watu wanapiga ndani ya kisima, jua umeshafika New York, kwa Tommy Hunter, mpiga dramu aliyekuwa pia anarekodi. Siku moja alirudisha waya wa kutolea sauti kwenye tundu la kuingizia, mwangwi ukazaliwa kwa bahati, Sun Ra akaupenda. Usikilize kwenye Cosmic Tones for Mental Therapy, iliyorekodiwa 1963 ikatoka 1967. Sikio likifundishwa ni shahidi.

Binti Kinanda

Ni shahidi, ila hula rushwa. Wewe unajua mapema kwamba mpiga saksafoni ya tenor wa Arkestra ni John Gilmore, kwa hiyo ukisikia tenor unasikia Gilmore. Mwisho wa 1964 pale Judson Hall, New York, Gilmore alikuwa kwenye bendi ya mpiga dramu Art Blakey. Kiti chake kakalia Pharoah Sanders. Kanda ile ilitoka 1976, na bahati jina la Sanders limo kwenye jina la santuri yenyewe. Lingekosekana, wangapi hapa wangeapa ni Gilmore?

Makaratasi nayo yana mipaka. Chicago ya wakati ule wanamuziki weusi walikuwa na tawi lao la chama cha wanamuziki, namba 208, na kumbukumbu za vikao vyake zinasaidia kujua nani alikuwa na mkataba wa ukumbi gani. Lakini mazoezi hayana mkataba, na Sun Ra alikuwa akirekodi mazoezi kama mtu anayeweka akiba.

Wahusika nao? Mjomba wangu alipiga gitaa la kati kwenye bendi ya dansi hapa Dar. Wimbo wao ukipigwa redioni anasema, "Huyo mimi." Siku moja mwenzake wa zamani kamkumbusha kwamba wiki ile ya kurekodi alikuwa kijijini, kwenye msiba. Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi kaniiga vizuri."

Santuri Kuukuu

Hahaha. Shauri limeisha hilo.

Mleta mada

Halijaisha, ila napunguza sauti. Binti Kinanda kanifikisha mahali. Jina la kukisia lisikae bega kwa bega na jina lenye uthibitisho. Liandikwe "huenda", na pembeni yake lijulikane limetoka wapi: sikio, karatasi au kumbukumbu ya mtu. Kwenye njuga na ngoma ndogondogo nasalimu amri kabisa. Sun Ra alikuwa anawagawia watu wote, mpiga saksafoni leo ana kengele. Kwenye Strange Strings, ya 1966, aliwapa hata ala za nyuzi wasizozijua. Pale andika "Arkestra", inatosha.

Mpiga Besi, upande wa 1956 nimeurudia mara tatu usiku huu. Besi nimelisikia, umesema kweli. Ila mwenye timpani, zile ngoma kubwa za shaba, ni nani?

Mpiga Besi Mstaafu

Jim Herndon.

Mleta mada

Umemjuaje? Kwa sikio?

Mpiga Besi Mstaafu

Kaandikwa nyuma ya jalada.