Pingamizi la alama ya biashara: ushahidi gani una uzito?

Wakuu, naomba ushauri. Alama yetu iliyosajiliwa ni ya sabuni, daraja la 3 (daraja ni kundi la bidhaa katika usajili wa alama). Mwombaji mpya anataka neno linalotofautiana kwa herufi ya kwanza tu, Z badala ya S, kwa vitakasa mikono, daraja la 5. Ukiyatamka kwa haraka, sikio halitofautishi.

Najua namba ya daraja pekee haiamui kitu. Kinachotazamwa ni matumizi, mnunuzi na rafu zinakokaa bidhaa. Najua pia mnunuzi hazilinganishi alama ubavu kwa ubavu, hubaki na kumbukumbu isiyo kamili, na mwanzo wa neno ndio humkaa zaidi. Hapo ndipo hofu yangu: upande wa pili utaishikilia hiyo Z.

Tuna barua pepe 4 za wateja waliolalamikia bidhaa isiyo yetu wakidhani ni yetu. Je, zinatosha, au tufanye utafiti wa wanunuzi? Swali la "je, hizi ni za kampuni moja?" linamwongoza mhojiwa, hivyo nafikiria "nani anatengeneza hii?", pamoja na kundi la ulinganisho linaloonyeshwa jina jingine kabisa. Waliowahi kusimamia utafiti wa namna hii, kundi hilo mlilichaguliaje jina?